Kiraka kilikuwepo miezi sita, wengi hawakukishona

Mpenzi msomaji, leo hebu nianze kwa kukuuliza swali la nyumbani. Ni mara ngapi simu yako imekuletea ujumbe kwamba kuna toleo jipya la programu, ikakuomba ruhusa ya kuliweka, nawe ukabofya 'baadaye'? Usione haya. Wengi wetu tuko hivyo. Unakuwa na haraka ya kumtumia fundi pesa, ama bando limebaki kidogo, ama umemsikia jirani akilalamika kwamba simu yake ilianza kujikokota baada ya kukubali ombi kama hilo. Basi unasema kesho. Na kesho, kama tujuavyo sote, haina mwisho.

Makala ya leo ni kisa cha kesho ya namna hiyo. Kilitokea Jumamosi moja ya mwezi wa Januari mwaka wa 2003, na kwa muda wa dakika kumi tu kilikuwa kimeizunguka dunia. Watu walisimama mbele ya mashine za benki wasipate pesa zao. Abiria walikwama katika viwanja vya ndege. Waliokuwa zamu ya kupokea simu za watu wanaounguliwa na nyumba walirudia kalamu na karatasi. Na haya yote yalitokana na kosa dogo ndani ya programu ya kuhifadhi taarifa, kosa ambalo dawa yake ilikuwa imetolewa bure miezi sita kabla.

Ghala usiloliona

Kabla hatujafika huko, yafaa tuelewane kuhusu jambo moja. Unapokwenda hospitalini, karani akaandika nambari ya kitambulisho chako, kisha jina lako, umri wako na siku uliyotibiwa mara ya mwisho vikajitokeza kwenye kioo cha kompyuta, taarifa hizo hazikutoka hewani. Zilikuwa zimewekwa mahali. Mahali hapo ndipo tunapopaita hifadhidata, yaani ghala la taarifa zilizopangwa kwa utaratibu ili zipatikane upesi.

Maghala ya aina hii yamejaa katika maisha yetu ingawa hatuyaoni kwa macho. Salio la pesa ulizo nazo kwenye simu limo ndani ya ghala kama hilo. Karo uliyomlipia mtoto, mkopo wa chama, hati ya gari, hata bei ya unga inayosomwa na mashine pale dukani, vyote vimehifadhiwa humo. Na kama ilivyo kwa ghala la mahindi, lazima kuwe na mtunzaji wa kupokea, kupanga na kutoa. Mtunzaji huyo ni programu.

Mwanzoni mwa karne hii, mojawapo ya programu hizo zilizotumika sana duniani ilikuwa SQL Server 2000 ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Mabenki yaliitumia, mashirika ya ndege yaliitumia, na serikali pia. Isitoshe, ilikuwa na ndugu yake mdogo aliyeitwa MSDE, ambaye alifichwa ndani ya programu nyingine nyingi. Ungeweza kununua programu ya kazi tofauti kabisa, ukaiweka kwenye kompyuta yako, na bila kuambiwa ukawa umemkaribisha ndugu huyo nyumbani. Kumbuka jambo hili, msomaji, maana tutalirudia.

Daftari la karani mtiifu

Sasa kosa lenyewe lilikuwa la namna gani? Wataalamu hulieleza kwa maneno mazito, lakini mimi nitakueleza kwa mfano wa ofisi.

Tuseme kuna ofisi moja yenye karani mtiifu, asiyejua kuuliza maswali. Mbele yake kuna ukurasa wa daftari. Mistari mitano ya juu imetengwa kwa ajili ya jina la mgeni. Mara tu chini ya mistari hiyo, karani amejiandikia agizo: 'Nikimaliza kuandika jina, nirudi dirishani nimhudumie anayefuata.' Kila mgeni anapofika hutaja jina lake, karani huandika, kisha husoma lile agizo na kulifuata. Mambo huenda sawa siku zote kwa kuwa majina ya watu ni mafupi.

Siku moja anakuja mgeni mjanja. Anaulizwa jina, naye anaanza kutaja. Anataja na kutaja. Mistari mitano inajaa, lakini karani hakufundishwa kusema, 'Basi, nafasi imekwisha.' Anaendelea kuandika, akauvuka mpaka, hadi akaandika juu ya agizo lake mwenyewe na kulifuta. Na yale maneno ya mwisho ya mgeni si jina hata kidogo. Yanasema: 'Nikimaliza, nifanye hivi na hivi.' Karani anatua kalamu, anatazama chini kuona afanye nini, na kwa utiifu wake anatekeleza anayoyasoma. Hajui kwamba maandishi yale ni ya mgeni.

Naam, hilo ndilo kosa. Kompyuta ina sehemu inayoitwa kumbukumbu, ambapo programu huweka vitu inavyovishughulikia kwa wakati huo. Ndani ya kumbukumbu hiyo, taarifa zinazotoka nje na maagizo ya programu yenyewe hukaa karibu karibu kama majirani wa ploti. Programu isipopima urefu wa kile inachopokea, taarifa za mgeni hufurika na kumwagikia mahali pa maagizo. Hapo aliye mbali sana, pengine hata katika nchi nyingine, anaweza kuiamrisha kompyuta ya wenyewe.

Katika SQL Server 2000 kulikuwa na sehemu ndogo iliyokaa mlangoni, kazi yake kuwajibu wanaouliza, 'Humu ndani mna hifadhidata zipi?' Mlango huo ulikuwa na nambari yake, 1434. Sehemu hiyo ilipopokea jina la hifadhidata iliyoulizwa, ililiandika kwenye nafasi iliyotengwa bila kupima kama litaenea. Haikumtaka mgeni neno la siri. Aliyebisha hodi alisikilizwa.

Aliyepiga mbiu

Kosa hilo liligunduliwa na mtafiti wa usalama wa kompyuta kutoka Uingereza, David Litchfield. Hakukimbilia kulitangaza. Aliwapasha habari wenye programu kwanza, nao Microsoft wakatengeneza kiraka, yaani kipande kidogo cha programu cha kuziba tundu lile. Kiraka hicho kilitolewa tarehe 24 Julai 2002, bila malipo yoyote, pamoja na onyo kwamba hatari yenyewe ni kubwa.

Mwezi uliofuata, katika mkutano wa wataalamu uitwao Black Hat huko Las Vegas, Litchfield alionyesha hadharani jinsi tundu lile linavyoweza kutumiwa na mtu mwovu. Nia yake ilikuwa watu waone wenyewe, waogope, wakashone kiraka. Baadaye ilibainika kwamba mtu asiyejulikana alikichukua kielelezo kile na kukijengea silaha. Litchfield mwenyewe alikuja kujiuliza hadharani kama kutoa vielelezo vya aina ile kunaleta faida kuliko hasara. Swali hilo hadi leo wataalamu hawajalimaliza.

Lakini wewe huenda unauliza: ikiwa dawa ilikuwepo na ilikuwa ya bure, kwa nini watu hawakuinywa?

Sababu zilikuwa nyingi, na ukizitazama vizuri utaona zinafanana na zetu. Kuweka kiraka kulihitaji seva isimamishwe kwa muda, na hakuna mkubwa wa benki anayependa kusikia kwamba huduma itasimama. Kingine, kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha na iliogopwa, maana kiraka kikiwekwa vibaya kingeweza kuharibu kilichokuwa kikifanya kazi. Wengine walikuwa na seva nyingi mno hata hawakujua idadi. Na wale waliokuwa na ndugu mdogo MSDE ndani ya kompyuta zao hawakujua kabisa kwamba onyo lile liliwahusu. Utazibaje ufa katika chumba usichojua kama kimo nyumbani mwako?

Jumamosi saa mbili na nusu

Siku ikafika. Tarehe 25 Januari 2003, hapa Kenya ikiwa yapata saa mbili na nusu asubuhi, watu wengi wakiwa bado wanakunywa chai ya Jumamosi, ujumbe mmoja mdogo ulibisha hodi kwenye mlango nambari 1434 wa kompyuta fulani. Huko New York ilikuwa saa sita na nusu usiku. Huko Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, ilikuwa saa nane na nusu mchana.

Ujumbe huo ulikuwa mdogo ajabu. Ukubwa wake ulikuwa baiti 376 tu, yaani usingezidi ujumbe mfupi wa simu mara tatu. Ndani yake mlikuwa na lile jina refu la mgeni mjanja, na maagizo mafupi: chagua anwani yoyote ya kompyuta kwa kubahatisha, itumie nakala yako, kisha chagua nyingine, na usiache. Wataalamu huita kiumbe cha namna hii mnyoo, kwa sababu hujitambaza chenyewe bila mtu kufungua barua wala kubofya kitu. Huyu akapewa jina la Slammer; wengine walimwita Sapphire.

Kilichomfanya kuwa mwepesi mno ni namna alivyosafiri. Kompyuta nyingi zikitaka kuzungumza, kwanza huamkiana: hodi, karibu, nimesikia, haya endelea. Slammer hakuhitaji maamkizi. Alikuwa kama postikadi ambayo mtu huandika na kuitupa postani bila kungoja jibu. Kompyuta moja iliyoambukizwa iliweza kutupa postikadi hizo kwa kasi yote ambayo waya wake uliruhusu.

Watafiti wa Marekani waliochunguza tukio hilo baadaye walipata kwamba, katika dakika ya kwanza, idadi ya kompyuta zilizoambukizwa ilikuwa ikiongezeka maradufu kila baada ya sekunde 8.5. Baada ya dakika tatu hivi, kompyuta zote zilizoambukizwa zilikuwa zinabisha hodi zaidi ya mara milioni 55 kwa sekunde moja. Ilipotimia dakika ya kumi, zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta zilizokuwa na lile tundu zilikuwa zimekwisha kupatikana. Jumla yake ilikuwa angalau 75,000. Mwaka wa 2001, mnyoo mwingine aliyeitwa Code Red, ambaye nusura awatie watu wazimu, alichukua yapata dakika 37 kujiongeza maradufu. Linganisha na sekunde 8.5, msomaji, uone.

Hakuna mhandisi aliyeweza kufanya lolote ndani ya dakika hizo kumi. Wengi walikuwa wamelala. Walipoamshwa kwa simu, kila kitu kilikuwa kimekwisha kutendeka.

Waliolipia

Cha kushangaza ni kwamba mnyoo yule hakufuta faili hata moja wala hakuiba nambari ya akaunti ya mtu. Hakujiandika hata kwenye diski. Aliishi ndani ya kumbukumbu tu, na ukiizima kompyuta na kuiwasha upya alikuwa ametoweka. Ila kama hukuweka kiraka, baada ya dakika chache alikuwa amerudi. Madhara yake yaliletwa na msongamano. Fikiria barabara kuu ya mjini siku ya mvua, magari yamesimama pua kwa mkia, na gari la wagonjwa limo katikati likipiga king'ora bure. Intaneti ilikuwa hivyo.

Korea Kusini, nchi iliyokuwa ikisifiwa kwa intaneti yake ya kasi, iliumia kuliko nyingi. Huduma ilikatika karibu nchi nzima, mchana wa watu. Huko Marekani, benki ya Bank of America ilisema sehemu kubwa ya mashine zake 13,000 za kutoa pesa zilishindwa kuwahudumia wateja. Shirika la ndege la Continental lilichelewesha na kufuta baadhi ya safari kwa sababu mitambo yake ya tikiti na kusajili abiria ilizorota. Karibu na mji wa Seattle, kituo kilichopokea simu za dharura za polisi na wazima moto kilipoteza kompyuta zake. Waliokuwa zamu wakachukua karatasi, wakaandika kwa mkono ni nyumba gani inaungua na ni nani anaitwa. Waliweza, kwa kuwa hawakuwa wamesahau kazi ya mkono.

Lakini kisa kinachonifanya nitikise kichwa kila nikikumbuka ni cha kituo cha nyuklia cha Davis-Besse, katika jimbo la Ohio, kando ya Ziwa Erie. Wenye kituo walikuwa wamejenga ukuta wa kielektroniki wa kuzuia wageni, na ukuta huo ulikuwa umeufunga mlango 1434. Hata hivyo, mkandarasi mmoja alikuwa na waya wake uliounganisha ofisi zake na mtandao wa kituo, nao ulipita kando ya ukuta. Mnyoo akapitia huko. Paneli ya kuonyesha hali ya usalama wa mtambo ilizimika kwa karibu saa tano, na kompyuta nyingine ya kufuatilia kazi za mtambo ikazimika kwa zaidi ya saa sita. Wahandisi wa kompyuta pale kituoni hawakuwa na habari kwamba kiraka kimekuwepo tangu Julai.

Kwa bahati nzuri mtambo wenyewe ulikuwa umesimamishwa tangu mapema mwaka wa 2002 kwa matengenezo mengine, na vipimo vya zamani visivyotegemea kompyuta vilikuwepo. Hakuna aliyedhurika. Lakini usalama wa watu usiwe jambo la kutegemea bahati.

Na kama unadhani waliopatwa ni wazembe tu, sikia hili: mitambo ya ndani ya Microsoft yenyewe, waliotengeneza kiraka, iliambukizwa pia. Mganga naye alikuwa hajanywa dawa yake. Juma moja tu kabla ya siku ile, tarehe 17 Januari, kampuni hiyo ilikuwa imetoa mkusanyiko mpya wa marekebisho uliokuwa na kiraka hicho ndani yake. Wengi walikuwa wamepanga kuuweka. Kesho.

Mwandishi wa mnyoo huyo hakupata kujulikana hadi leo.

Kosa la kale lisilozeeka

Yamkini utasema, hayo ni ya mwaka wa 2003, siku hizi kompyuta zimeendelea. Ni kweli zimeendelea, lakini kosa hili lina mizizi mirefu.

Programu nyingi zinazobeba dunia ziliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali na haba, kwa hivyo lugha hiyo ilimwachia mwandishi wa programu kazi ya kupima kila kitu mwenyewe. Akipima vyema, programu huwa nyepesi na ya haraka. Akisahau mara moja, katika mistari maelfu na maelfu, tundu hubaki. Mwaka wa 1988, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Marekani, Robert Morris, aliachilia mnyoo ambaye mojawapo ya njia zake ilikuwa mfuriko wa namna hii hii. Miaka 15 baadaye Slammer akapitia mlango wa aina ile ile. Mwaka wa 2019, Microsoft walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya matundu ya usalama waliyokuwa wakiyaziba kila mwaka yalitokana na makosa ya kumbukumbu.

Tena kosa hili lina watoto wengine. Mwishoni mwa mwaka wa 2025 liligunduliwa tundu katika hifadhidata nyingine inayotumika sana, MongoDB. Hapa mgeni hakumwaga kitu, alichota. Rudi kwa karani wetu. Analetewa bahasha iliyoandikwa juu yake 'kurasa kumi', ilhali ndani mna ukurasa mmoja tu. Karani anaamini maandishi ya juu. Anachukua daftari la kurasa kumi lililotumiwa jana na ambalo halijafutwa, ananakili ule ukurasa mmoja, halafu anamrudishia mgeni daftari zima. Zile kurasa tisa zina mambo ya wateja wa jana, pengine hata maneno yao ya siri. Mgeni anaweza kurudia mchezo huo mara nyingi apendavyo, na haulizwi yeye ni nani. Tundu hilo watu walilipa jina la MongoBleed, kama kwamba programu inavuja damu.

Oktoba mwaka huo huo kulikuwa na jingine katika programu ya Redis, ambayo huweka taarifa kwenye kumbukumbu ili zichukuliwe kwa haraka. Hilo lilikuwa limejificha humo kwa muda wa miaka ipatayo 13. Lilifanana na mpangaji aliyehama nyumba akabaki na ufunguo: chumba kimekwisha kupewa mwingine, naye bado anaingia. Lilipewa alama 10 kwa 10 za hatari. Katika visa vyote viwili viraka vilitolewa, na katika vyote viwili swali likawa lile lile la mwaka wa 2002: nani atakishona, na lini?

Kuna lugha mpya za kuandikia programu, kama vile Rust, ambazo humkataza mwandishi kuvuka mpaka wa kumbukumbu, kama karani aliyefundishwa kusema 'nafasi imekwisha'. Mwaka wa 2024 ikulu ya Marekani ilitoa ripoti ya kuwahimiza watengenezaji wahamie lugha za aina hiyo. Lakini programu za zamani ni nyingi mno, na haziwezi kuandikwa upya kwa siku moja. Kwa hivyo viraka tutaendelea navyo kwa miaka mingi.

Wewe nyumbani ufanye nini?

Huna seva ya benki chini ya kitanda, najua. Hata hivyo, kuna mambo yaliyo mikononi mwako.

La kwanza ni simu yako na ya watoto. Ujumbe wa toleo jipya ukija kutoka kwenye mipangilio ya simu yenyewe, uukubali. Chagua usiku, simu ikiwa kwenye chaji, na ikiwezekana pahali penye Wi-Fi ili bando lisiishe. Lakini ujumbe wa aina hiyo ukikujia kwa SMS au WhatsApp na kiungo cha kubofya, uuache. Kiraka cha kweli hakiletwi na mtu usiyemjua.

La pili linakuhusu wewe mwenye duka, zahanati ndogo, shule au chama chenye kompyuta ya kuwekea taarifa za watu. Mwite fundi wako umuulize maswali matatu kwa lugha ya kawaida. Ndani ya kompyuta hii mna programu zipi, hata zile zilizokuja zimejificha ndani ya nyingine? Nani ana jukumu la kuziweka viraka, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Je, hifadhidata yetu inaweza kufikiwa na mtu yeyote aliye kwenye intaneti? Jibu la hilo la tatu likiwa 'ndiyo', mwambie aifunge siku hiyo hiyo. Ghala haliwekwi mlango wake barabarani. Fundi asiyeweza kukujibu si lazima awe mbaya, lakini umejua pa kuanzia.

La tatu ni akiba. Weka nakala ya taarifa zako mahali pengine, na usidharau daftari la mkono. Wale wa Seattle waliokolewa na karatasi.

La nne ni haki yako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Inamtaka anayetunza taarifa zako azilinde, na zikidukuliwa kwa namna inayoweza kukudhuru, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kufahamu. Nawe pia unafaa uarifiwe. Kwa hivyo ukimpa mtu nambari ya kitambulisho chako, una haki ya kumuuliza anaitunzaje. Usijione kama unayesumbua.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliofikiwa na Slammer walipewa siku 185 za kuziba ufa, kisha wakapewa dakika kumi za kutazama ukuta ukianguka. Wala hawakuwa wajinga. Walikuwa na kazi nyingi, waliogopa kusimamisha kinachofanya kazi, na baadhi hawakujua nyumba yao ina vyumba vingapi. Ni watu kama mimi na wewe.

Basi, msomaji wangu, leo jioni baada ya chakula, chukua simu yako. Fungua mipangilio, utazame kama kuna toleo jipya linalokungoja. Likiwepo, weka simu kwenye chaji, bonyeza ukubali, kisha ukalale. Asubuhi ukiamka, mwulize na mama yako kijijini kama yake imeshonwa.